Ekari 6 za mahindi zimenilipa chini ya ekari 1: daftari langu la gharama, Uyui

#1 Mzee wa Matuta (Uyui, Tabora). Septemba 2024

Wakuu, mwangaluka.

Miaka yote nimekuwa msomaji wa nyuzi za wenzangu, leo naweka wangu kabla mvua za Novemba hazijatukuta tena mbolea mkononi, akili nyumbani. Siuzi mbegu, siuzi mafunzo, na sina kundi la kulipia kiingilio.

Msimu wa 2023/24 nililima ekari 6 za mahindi. Kwa mara ya kwanza niliandika kila shilingi iliyotoka, mpaka soda za vibarua. Aliyenilazimisha ni binti yangu wa kidato cha tatu. Walipewa zoezi la uwekaji hesabu shuleni, akaamua baba ndiye awe biashara ya mfano. Nilikubali kwa kumfurahisha mtoto, matokeo yakanivua nguo mbele yake.

Ekari 5 ziko ng'ambo ya mto, 1 iko nyuma ya nyumba. Kila ekari ya ng'ambo ilinila hivi. Kulima na kupiga matuta kwa maksai 60,000. Mbegu chotara pakiti 4 za kilo 2, 60,000. Kupanda 25,000. Mbolea ya kupandia, DAP, nusu mfuko 35,000, ya kukuzia, urea, nusu mfuko 35,000. Palizi mbili 70,000. Dawa ya viwavijeshi na mpuliziaji 20,000. Kuvuna na kusomba 30,000. Hapo bado kupukuchua, 2,500 kwa gunia, na gunia tupu 1,500. Nikavuna gunia 6 kwa ekari, za kilo 100, siyo rumbesa ya kujaza kupita kipimo. Jumla 359,000 kwa ekari. Gawanya kwa 6, kila gunia limenigharimu karibu 60,000.

Mwezi wa sita nikauza palepale shambani kwa 55,000.

Yaani kila gunia alilopakia dalali nilimwongezea elfu 5 ya mfukoni mwangu, nikampa na maji ya kunywa, nikamshukuru kwa kuja.

Sasa ile ya nyuma ya nyumba. Ilipata DAP mfuko mzima, urea mfuko mzima, na palizi zilifika kwa wakati kwa sababu mama watoto anaiona kila akitoka kumwaga maji. Gharama 495,000. Siku naandika namba hiyo nilijiona mfujaji. Ikatoa gunia 15. Gawanya: 33,000 kwa gunia.

Zile 5 zikanipa hasara ya 145,000, hii 1 ikanipa faida ya 330,000. Nikijumlisha zote nimebaki na 185,000. Ningekaa nyumbani nikalima hii moja tu, ningebaki na 330,000 na mgongo mzima.

Tunalia gharama zimepanda, na ni kweli zimepanda. Tangu vita vya Urusi na Ukraine vianze 2022 hakuna aliyelala vizuri kwenye mbolea wala dizeli. Lakini nauliza: tunahesabu gharama kwa ekari au kwa gunia? Mimi miaka yote nimehesabu kwa ekari. Bei ikipanda nakata mbolea nusu ili nimudu ekari zote, maana kijijini ekari ni cheo. Naona hapo ndipo nilipokuwa najichinja mwenyewe. Nipingeni.

#2 Tumbaku Chungu (Urambo)

Mkuu, heshima kwako kwa kuanika daftari hadharani. Huku kwetu wengi wana madaftari ila yanaishia ukurasa wa mbolea.

Urambo mahindi yanabebwa mgongoni na tumbaku. Shamba la tumbaku la mwaka jana ndilo shamba la mahindi mwaka huu, kwa sababu ile mbolea ya tumbaku, NPK 10:18:24, haikuisha yote, mahindi yanakuja kulamba sahani. Ukifuata mzunguko huo unaweza kupunguza mbolea ya kupandia bila kujidanganya. Shida ni wale wanaochepusha mbolea ya mkopo wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, wanaitoa kwenye tumbaku wanaitia kwenye mahindi mabichi ya kuchoma. Siku ya makato wanashangaa tumbaku imekuwa nyepesi na deni limekuwa zito. Hiyo nayo muiandike kwenye gharama ya mahindi, isiandikwe kwenye bahati mbaya.

#3 Kalamu na Jembe (Tabora mjini)

Mzee wa Matuta, hongera, ila hesabu yako ina tundu.

Shamba la nyuma ya nyumba limekula majivu, maganda ya karanga, samadi na mavi ya kuku miaka 20. Lile la ng'ambo nina hakika ni kichanga kilichochoka. Ungepeleka mfuko mzima kule usingepata 15 hata ungeomba. Umelinganisha mtoto aliyeshiba na mwenye njaa, halafu ukampa sifa zote mwalimu.

#4 Mzee wa Matuta

Umenikamata. Kuku wanalala juu ya mwembe uliopo palepale pembeni.

Jana usiku tumekaa tena na binti. Tukasema basi, ng'ambo ukiweka mfuko mzima mzima utoe gunia 10, siyo 15. Gharama inakuja kama 460,000, kila gunia 46,000. Kwa bei ya 55,000 kuna faida ya 90,000 kwa ekari. Ni nyembamba, ila iko upande wa kulia wa sifuri. Ile nusu mfuko ilikuwa upande wa kushoto.

#5 Mkulima wa Simu (Dar es Salaam)

Nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wakanigeukia.

Mimi nililima ekari 20 Kaliua nikiwa Tabata. Msimamizi alinitumia picha kila Jumapili. Mahindi yamesimama kama gwaride, majani ya kijani kibichi, mpaka nikaanza kuulizia bei ya Fuso. Mwezi wa nne nikapanda basi. Kumbe picha zote zilipigwa kona moja, juu ya kichuguu kikubwa. Wenyeji mnajua udongo wa kichuguu hauhitaji mbolea. Nyuma ya kichuguu kulikuwa na mahindi ya magotini na maua ya gugu la kiduha, mazuri ya kutia hasira.

Ekari 20, gunia 47. Sitaki kuzigawanya.

#6 Bwana Shamba Mstaafu (Tabora)

Marahaba, kabla hamjaniamkia.

Nimefanya kazi ya ugani miaka 31, nyingi kwa baiskeli. Mmegusa mambo matatu ambayo nilikuwa nikiyasema mikutanoni watu wakitazama saa, acha niyarudie hapa ambapo hamwezi kuondoka.

La kwanza, mbolea msinunue kwa bei ya mfuko. Nunueni kwa bei ya chakula kilichomo ndani. Tuchukue mbolea tatu za kukuzia: urea ina naitrojeni asilimia 46, CAN 27, SA 21. Kwa mfuko wa kilo 50 maana yake urea inabeba kilo 23, CAN 13.5, SA 10.5. Chukueni bei za ruzuku za msimu ule wa kwanza, 2022/23: urea 70,000, CAN 60,000, SA 50,000. Gawanyeni wenyewe. Kilo moja ya naitrojeni kwenye urea inakuja kama 3,040, kwenye CAN 4,440, kwenye SA 4,760. Mfuko ulioonekana rahisi kuliko yote ulikuwa na naitrojeni ghali kuliko zote. SA ina salfa na ina kazi yake, sikatai, ila mtu anaichukua kwa sababu tu ana elfu 50 mfukoni, kisha anaongeza tindikali kwenye udongo ambao tayari umechacha.

Lakini urea nayo ina ugonjwa wake. Ukiimwaga juu ya ardhi kwenye jua, inapaa. Ile harufu ya mkojo unayoisikia ukipita shambani jioni ni hela yako inaondoka. Ifukieni, sentimita 5 hivi, pembeni ya shina, udongo ukiwa na unyevu. Kibarua wa kufukia anadai zaidi, ndiyo, lakini mnamlipa kwa hela ambayo ingekuwa hewani.

La pili, kipimo. Kizibo cha soda kikijaa bila kilima kinabeba gramu 5 hivi za DAP. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, punje mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Mara 5, unapata kilo 45. Mfuko mmoja unatosha ekari na kuna kinachobaki. Sasa nendeni mkaangalie vibarua wenu: vidole vitatu, mwanzo wa mstari wanatia kama wanalisha ng'ombe, mwisho wa shamba mfuko umekwisha na mashimo yanafukiwa matupu. Vizibo ni bure. Okoteni baa yoyote.

La tatu ni hicho kiduha cha ndugu yetu wa Tabata. Kiduha hakishindani na mahindi juu, kinanyonya mizizi chini kabla hujakiona. Mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja unaangusha maelfu kwa maelfu, zinakaa ardhini miaka mingi zikingoja nafaka. Ukiking'oa kikiwa na maua makavu umekisaidia kupanda. King'olewe kabla hakijachanua, na shamba lipumzike kupandwa nafaka: pandeni karanga, au pamba kwa wa Igunga na Nzega. Wanaopanda mtama, kuna aina mbili zinazokihimili, Hakika na Wahi, zimetoka tangu 2002. Kiduha hupenda udongo wenye njaa, kwa hiyo ile nusu mfuko ya Mzee wa Matuta ilikuwa inakialika.

#7 Mama Majaruba (Nzega)

Shikamoo bwana shamba. Kaka Mzee wa Matuta, habari za huko.

Mmeongea mahindi tu kama vile mchele mnaokula sikukuu unatoka dukani. Kwenye mpunga mbolea siyo adui wa kwanza. Adui ni mikono. Kukarabati majaruba, kitalu, kung'oa miche, kupandikiza, palizi, kisha kuamia ndege. Kwelea kwelea wakishuka, usipokuwa na watoto wa kupiga madebe tangu alfajiri unavuna mabua.

Mwaka juzi nilijifanya mjanja. Kupandikiza ekari waliniambia 90,000, nikasema hapana, natawanya mbegu kwa mkono, nusu siku, bure. Magugu yalikuja sawasawa na mpunga, yakawa marefu kuliko mpunga, na kwa kuwa hakuna mistari hata jembe halipiti. Palizi ya mkono ikanila 140,000. Kwa hiyo ile 90,000 niliyookoa niliilipa tena na riba.

Sasa hivi tuko wanawake saba, tunapandikiziana kwa zamu. Jumatatu kwangu, Jumanne kwa jirani. Ninachotoa ni chakula cha mchana. Kinachotushinda ni mmoja wetu ambaye siku ya zamu yake tunakuwa saba, siku ya zamu ya wengine anaumwa mgongo.

Jambo jingine, siuzi mpunga. Gunia la mpunga la kilo 100 kwenye mashine likitoka vizuri linanipa kilo 60 na kitu za mchele, na pumba nabaki nazo, nauzia wafuga kuku. Nimepanda mbegu ya SARO 5 kwa ajili ya mavuno na kipande cha Supa kwa ajili ya bei, maana mteja anayejua mchele ananusa kwanza, mengine baadaye.

#8 Fundi Kimya

Uzi mrefu huu. Aliyeelewa anifupishie.

#9 Kalamu na Jembe

Hapana. Soma.

#10 Binti wa Heru (Kasulu, Kigoma)

Shikamooni wakubwa.

Huku kwetu mvua zinatangulia zenu. Tunapanda mwezi wa kumi, na hatupandi mahindi peke yake. Maharage yanaingia katikati ya mistari, mwezi wa kwanza nayavuna na kuyauza. Hela ya maharage naitunza, ndiyo inayonunua urea ya kukuzia ya msimu unaofuata. Mimi sijawahi kukopa mbolea ya kukuzia tangu nianze hivyo. Wakati wenzangu wanazunguka kwa mkopeshaji anayetaka gunia mbili za mwezi wa saba kwa kila mfuko wa sasa, mimi nimeshaifukia. Kwa hiyo daftari la Mzee nalikubali, ila naongeza kitu: andikeni na tarehe. Hela inayokuja Julai haisaidii shimo la Januari.

Mbolea inapotua bandarini Dar mpaka ije itufikie Kigoma imesafiri zaidi ya kilomita 1,200. Kisha kutoka mjini kwa wakala mpaka kijijini kwangu bodaboda anataka 6,000 kwa mfuko. Msimu uliopita tuliungana watu 11, tukakodi toyo, pikipiki ya mizigo ya miguu mitatu, mfuko ukashuka hadi 2,000. Ugomvi ulikuwa nani apakuliwe kwanza.

Kuna hili sijaona mtu akilisema. Usajili wa ruzuku nyumba nyingi uko kwa jina la mume, na ujumbe unaingia kwenye simu ya mume. Wangu alikuwa Uvinza kwenye chumvi wiki tatu, simu haina chaji. Mbolea ipo kwa wakala naiona kwa macho, mahindi yana majani nane, namba ya ruzuku sina, iko kwenye simu yake. Nikanunua mifuko miwili ya mtu kwa bei ya mlango wa nyuma. Tangu hapo nimejisajili mwenyewe, na kidole changu mwenyewe. Dada zangu fanyeni hivyo kabla ya mvua.

#11 Bwana Shamba Mstaafu

Binti, umesema la maana kuliko mimi. Naongeza dogo: huko milimani kwenu udongo mwingi una tindikali. Ukiona mbolea unaweka na mahindi yanabaki na rangi ya zambarau kwenye majani ya chini, fosforasi inaweza kuwa ipo ila imefungwa. Kabla hujaongeza mfuko wa tatu, pima udongo. Huenda unahitaji chokaa ya kilimo. Huku Tabora kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Tumbi, wanaelewa mambo hayo, waulizeni msiogope geti.

#12 Kijana wa Sikonge

Wakuu naomba kuuliza. Mbegu ya dukani ndiyo inaniumiza. Naweza kurudia mbegu niliyovuna mwenyewe? Jirani anasema anafanya hivyo miaka minne na anakula ugali.

#13 Bwana Shamba Mstaafu

Inategemea ulinunua nini mara ya kwanza, na swali hilo wachache wanaliuliza dukani.

Kama ni chotara, usirudie. Mwaka wa pili watoto hawafanani na wazazi: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja hana gunzi. Mavuno yanashuka huku mbolea, palizi na jasho viko palepale. Umeokoa 60,000 umepoteza gunia 4. Kama ni mbegu ya kawaida isiyo chotara, mfano TMV-1, Staha au Situka, unaweza kurudia mpaka misimu mitatu hivi. Haina mavuno ya chotara kwenye mwaka mzuri, lakini kwa mtu ambaye hana uhakika wa mbolea wala mvua siyo uamuzi wa kijinga. Chagua mahindi ya mbegu yakiwa bado shambani, katikati ya shamba, siyo pembeni yalikopokea chavua ya jirani. Chukua punje za katikati ya gunzi. Na kabla ya kupanda otesha punje 100 kwenye kitambaa kibichi, zikiota chini ya 85 badilisha.

Ukinunua ya dukani kwangua lebo ya uthibitisho na uhakiki, na tunza pakiti na risiti. Watu wanachoma pakiti kuwashia moto halafu wanakuja kulalamika bila ushahidi.

Jirani yako anakula ugali, sikatai. Muulize gunia ngapi kwa ekari.

#14 Dalali Mwenye Haya (Tabora mjini)

Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo nikingoja nitukanwe. Basi nijitetee.

Mwezi wa sita mahindi yenu yana maji. Mtu ananipimia kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, nikiyaanika mpaka 13 ninabaki na kilo 94. Kilo 6 nimelipia maji. Kisha barabara ya kijijini, Canter inazama, vijana wa kusukuma wanataka chao. Kwa hiyo bei ninayokupa ina vitu vitatu ndani: maji, barabara, na ada ya shule inayokudai wiki hiyo. Mbili za kwanza nazijua kwa mzani. Ya tatu naisoma usoni.

Mkulima anayenisumbua ni yule asiye na haraka. Ananiambia "rudi Novemba". Nikirudi Novemba ananiuliza bei ya Mwanza kabla hajanisalimia.

Rumbesa siitetei. Lakini mjue na nyie mnaileta: mnauza kwa gunia, kwa nini msiuze kwa kilo?

#15 Tumbaku Chungu

Kwa nini? Kwa sababu mzani unakuja nao wewe, dalali, na mzani wako una tabia zako.

#16 Mzee wa Matuta

Tusigombane, dalali amesema ukweli mwingi kuliko nilivyotarajia kwa dalali. Ila kusubiri Novemba siyo bure. Nilijaribu 2021, gunia 12 stoo, Oktoba nikakuta unga na makombo. Dumuzi.

#17 Bwana Shamba Mstaafu

Huyo dumuzi, ambaye wengi mnamwita Scania, nina historia naye. Asili yake Amerika ya Kati, na mlango wake wa kuingilia Afrika ulikuwa mkoa wetu huu wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Wazee wanakumbuka vihenge vilivyogeuka vumbi kabla hata hajapata jina.

Tumieni mifuko ya PICS: plastiki mbili ndani, gunia nje, kila tabaka linafungwa peke yake, mdudu anakosa hewa. Ukiutunza usitoboke unautumia zaidi ya msimu mmoja, kwa hiyo msiandike bei yake yote kwenye mwaka wa kwanza. Sharti moja: mahindi makavu kweli. Ukifungia mabichi yataoza ndani kwa ndani na mtasema mfuko ni feki. Kama huna kipimo cha unyevu, chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, rudisha turubaini.

#18 Mkulima wa Simu

Nimezigawanya. Sitawaambia.

#19 Mzee wa Matuta. Julai 2025, MREJESHO

Wakuu, nilipotea, nimerudi na daftari la pili.

Msimu huu nililima ekari 3 za mahindi. Ya nyumbani, na mbili za ng'ambo, zote kwa kizibo, mfuko mzima mzima, urea ikafukiwa. Ekari moja yenye kiduha nikaipa karanga. Mbili nimemkodishia kijana, hela yake ndiyo ikanunua DAP. Kijijini wameshasema mzee amefilisika, mjomba mmoja alikuja kunipa pole kabisa na kuku.

Nyumbani: gunia 14. Ng'ambo ya kwanza: gunia 11, gharama 465,000, yaani kama 42,000 kwa gunia. Kalamu na Jembe, baada ya tundu lako tulishusha makisio hadi 10, nakudai soda.

Ng'ambo ya pili: gunia 7. Januari nilikuwa na msiba Sikonge, nikakaa huko siku 16. Palizi ya pili ikachelewa, na viwavijeshi wakaingia kwenye moyo wa mahindi hakuna aliyewaona. Niliporudi walikuwa wamejifungia ndani kwa kinyesi chao, dawa haiwafikii. Gharama 450,000, gunia 64,000. Mbolea mfuko mzima, mbegu nzuri, kizibo, vyote vilikuwepo. Niliyekosekana ni mimi. Binti ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu "siku 16" na kuizungushia duara, sijui hiyo inaingia kwenye safu gani ya hesabu.

Jumla gunia 32. Mwaka jana kwa ekari 6 nilipata 45. Nimeuza 8 tu, za ada. 10 ni za kula. 14 zinangoja PICS.

Nasema zinangoja kwa sababu jana jioni binti alitikisa chupa, chumvi ikashika kwenye kioo kama ukungu. Tumeyarudisha kwenye turubai leo asubuhi, kuku wa mjomba wanayazunguka.

#20 Dalali Mwenye Haya

Mzee, hongera. Nitapita hapo Novemba.

#21 Mzee wa Matuta

Karibu sana. Mzani usibebe, tumenunua wetu, tumechanga watu tisa.